Wakuu, kwanini Belize ilipata uhuru 1981 wakati majirani zake wote walishajitoa tangu 1821?

Mdadisi_Mpole

Habarini wakuu. Juzi nilikuwa naangalia ramani ya Amerika ya Kati nikagundua kitu kinanichanganya. Guatemala, Honduras, El Salvador, Nicaragua na Costa Rica wote walitoka mikononi mwa Hispania 1821, halafu pale pembeni kuna kinchi kidogo Belize, kimebanwa kati ya Mexico na Guatemala, chenyewe uhuru kimepata 1981! Yaani miaka 160 baadaye. Na rasmi wanatumia Kiingereza wakati kushoto kulia ni Kihispania tupu. Sasa maswali yangu, Waingereza waliingiaje pale wakati eneo lote lilikuwa la Hispania? Na walikuwa wanang'ang'ania nini miaka yote hiyo, kuna dhahabu au? Mwenye kuijua historia yake atupe, nipo nasoma.

---

Mzee_wa_Ramani

Dhahabu hakuna mkuu, ni magogo. Historia ya Belize mpaka karne ya 20 ni historia ya magogo.

Tuanze mbali kidogo. Ile ardhi ni ya Wamaya, na siyo Wamaya wa vijijini tu, kulikuwa na miji mikubwa kama Caracol ambayo mwaka 562 iliipiga Tikal, na Tikal ndiyo ilikuwa jiji la kuogopwa ukanda ule. Wahispania walipokuja karne ya 16 wakasema hili eneo letu, wakajenga makanisa sehemu kama Lamanai na Tipu, ila kulishika wakashindwa. Miaka ya 1638 hadi 1641 Wamaya wa kule wakaasi, makanisa yakachomwa, mapadri wakaondoka. Kwa hiyo kwenye karatasi ni Hispania, kwenye ardhi Mhispania hayupo. Huo upenyo ndio Mwingereza alipitia.

Na hakuja kama serikali, alikuja kama haramia. Pwani ya Belize ina miamba ya matumbawe mirefu sana na visiwa vidogo vidogo kibao, meli kubwa ya Hispania ikijichanganya kuingia mle inakwama, hivyo maharamia wa Kiingereza walipapenda. Baadaye wakaona kuna biashara inalipa kuliko kuvizia meli, mti wa logwudi, ambao kiini chake kinatoa rangi ya kutia nguo na viwanda vya sufu Ulaya vilikuwa vinauhitaji sana. Wakaacha uharamia wakashika mashoka.

Sasa hapa ndipo inapokuwa kituko. Mkataba wa Paris wa 1763 Hispania inawaambia Waingereza sawa, kateni huo mti, ila ngome zenu bomoeni na ardhi inabaki yetu. Mkataba wa 1783 ukarudia hivyo hivyo, halafu makubaliano ya London ya 1786 yakawaongezea eneo mpaka mto Sibun na ruhusa ya kukata mahogani, mti wa mbao za thamani, lakini marufuku kulima mashamba makubwa, marufuku kujenga ngome, marufuku kuunda serikali. Yaani unaishi mahali vizazi na vizazi, unazaa, unazika, ila kisheria wewe ni mkata kuni uliyepewa kibali. Walowezi wenyewe walikuwa wanajiongoza kwa mkutano wao na mahakimu wao waliowachagua wao kwa wao, na sheria zao ziliandikwa 1765 alipopita Admirali Burnaby wa Uingereza.

Hispania ikachoka, Septemba 1798 gavana wa Yucatán (jimbo la Hispania upande wa kaskazini, leo ni Mexico), Arturo O'Neill, akaja na meli nyingi kuwafurusha. Mapigano yakawa siku kadhaa pale kisiwa cha St. George's Caye, tarehe 10 Wahispania wakageuza. Hawakujaribu tena. Ndiyo maana tarehe 10 Septemba kule ni sikukuu ya taifa mpaka leo.

Na pamoja na ushindi huo London bado haikuiita koloni! Mpaka 1862 ndiyo ikatangazwa rasmi koloni kwa jina la British Honduras, tena chini ya gavana wa Jamaica, na 1871 baraza la walowezi likajivunja lenyewe, koloni likawa linaongozwa moja kwa moja na wateule wa Malkia. Kwa hiyo mkuu usipige hesabu ya 1821 kwao, mwaka huo wao hata koloni rasmi hawajawa.

---

Chuma_cha_Pua

Mzee umeandika vizuri ila mbona umeruka jambo kubwa, hayo mahogani alikuwa anakata nani? Hao walowezi wenye ngozi nyeupe walikuwa wachache mno. Hiyo vita ya 1798 nasikia wanasimulia kwamba watumwa na mabwana walipigana bega kwa bega kulinda "nchi yao". Mimi hiyo stori siiamini hata kidogo.

---

Binti_Salha

@Chuma_cha_Pua umegusa penyewe, na niongezee maana hii sehemu watu huwa wanaipita haraka.

Kufikia 1790 hivi, robo tatu ya watu wote pale walikuwa watumwa wa asili ya Afrika, wengi walinunuliwa kwenye masoko ya Jamaica. Na utumwa wa pale haukuwa wa miwa wa kupangwa mistari na msimamizi ana mjeledi. Mahogani haioti pamoja, unakuta mti mmoja hapa mwingine huko mbali porini, kwa hiyo wanafanya kazi kwa vikundi vidogo vilivyotawanyika msituni. Mtu muhimu kuliko wote kwenye kikundi alikuwa mtafutaji. Mwezi wa nane majani ya mahogani yanageuka rangi, yanakuwa kama ya manjano yenye wekundu, basi huyu jamaa anapanda juu ya mti mrefu kuliko yote anaangalia msitu kutokea juu, anahesabu vile vishada vya rangi vilipo, anashuka anawaongoza wenzake mpaka kwenye shina lenyewe bila njia wala alama. Mashina yake chini yana mbavu pana sana hivyo wakataji wanajenga jukwaa la miti wanasimama juu mita kadhaa kutoka ardhini wanapiga shoka wakiwa hapo. Kiangazi magogo yanavutwa na maksai, tena usiku kwa mienge kwa sababu mchana joto linaua wanyama, yanarundikwa mtoni. Mvua za mwezi wa sita zikija mito inafurika, magogo yanaelea hadi karibu na pwani ambako yanazuiwa na mnyororo, kila mwenye magogo anachambua ya kwake kwa alama.

Sasa fikiria, mtu ana shoka, ana panga, yupo msituni wiki na wiki na mpaka wa Guatemala au Yucatán hauko mbali. Ukiuliza kwanini hawakuasi jibu ni kwamba WALIASI. 1765, 1768, 1773, na ya mwisho kubwa ni 1820 kwenye mto Belize na Sibun, viongozi wake walikuwa wawili wanaitwa Will na Sharper, na msimamizi wa Kiingereza wa wakati huo, George Arthur, mwenyewe alikiri kwamba walikuwa wametendewa ukatili uliopitiliza. Wengine walikuwa wanatoroka tu, wakivuka mpaka hawarudi. Halafu ndiyo uje uniambie 1798 walikuwa wanalinda nchi yao kwa mapenzi? Walipigana ndiyo, na walipigana vizuri, ila mtumwa ana hiari gani.

Kingine, utumwa ulifutwa 1834 kwa sheria, wakawekwa kwenye uanagenzi wa lazima mpaka 1838. Wakaachiwa bila ardhi. Na mwaka huohuo wa 1838 serikali ikaanza kutoza pauni moja kwa ekari kwa ardhi ya serikali ambayo kabla yake ilikuwa inatolewa bure, sasa aliyekuwa mtumwa jana hiyo pauni anaitoa wapi? Karudi kukata mahogani kwa bwana yuleyule. Mshahara analipwa mapema kipindi cha Krismasi akiwa mjini, unaisha kwenye sikukuu, anaingia msituni ana deni, na huko msituni chakula na nguo anachukua kwenye duka la bwana kwa bei ya bwana. Msimu ukiisha bado anadaiwa. Mfumo huu ulidumu mpaka karne ya 20 kabisa. Kampuni moja tu, Belize Estate and Produce Company iliyoundwa 1875, ilimiliki karibu nusu ya ardhi yote ya watu binafsi nchini.

---

Mdadisi_Mpole

Aisee. Hii ya mnyororo mtoni na mienge usiku sikuwahi kuisikia. Haya sasa nieleweni vizuri, swali la pili bado. Koloni la magogo limeisha kukatwa magogo, nchi za visiwani Jamaica na wengine wanapewa uhuru 1962, Belize inabaki miaka mingine 19. Waingereza waligoma au?

---

Nahodha_Mstaafu

Hapana, hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwingereza kufikia miaka ya 60 alikuwa anataka kuondoka hata kesho. Tatizo lilikuwa Guatemala, na chanzo chake ni barabara ambayo haikujengwa.

Iko hivi. Guatemala ilipojitoa Hispania ikasema sisi ni warithi, kila kilichokuwa cha Hispania ukanda huu ni chetu, pamoja na pale wanapokata magogo. 1859 Uingereza na Guatemala wakasaini mkataba wa mipaka, mto Sarstoon ukawa mpaka wa kusini. Kipengele cha saba kikasema pande mbili zitashirikiana kujenga njia ya magari ya kukokotwa kutoka Jiji la Guatemala mpaka pwani ya Atlantiki. Ikawa danadana. 1863 wakakubaliana Uingereza itoe pauni 50,000 yaishe, Guatemala ikachelewa kuuridhia huo mkataba wa pili, Uingereza ikasema muda umepita, basi. Barabara haikujengwa, hela haikutolewa. Guatemala ikashika hapohapo kwamba sisi tuliiachia ardhi kwa sababu ya barabara, hamkujenga, mkataba umekufa, rudisheni ardhi. Uingereza inajibu hatukupewa ardhi, tulichora tu mpaka wa kitu ambacho tayari tulikuwa nacho. 1945 Guatemala ikaandika kwenye katiba yake kabisa kwamba Belize ni sehemu yake.

Kwa hiyo ukimpa Belize uhuru leo, kesho jeshi la Guatemala linaingia, na Belize ilikuwa na watu kama laki moja na nusu tu wakati huo, jeshi la maana hakuna. 1975 na tena 1977 hali ilichafuka mpaka Uingereza ikapeleka ndege za kivita za Harrier pale.

Harakati za ndani sasa. Cheche kubwa ilikuwa 31 Desemba 1949. Gavana Garvey alishusha thamani ya dola ya British Honduras kwa amri yake akilipita baraza la kutunga sheria ambalo lilikuwa linapinga, yaani watu wameenda kulala mkesha wa mwaka mpya wameamka bei za vitu vyote kutoka nje zimepanda na mshahara ni uleule, na karibu kila kitu kule kilikuwa kinatoka nje. Hiyo hasira ikazaa kamati ya wananchi usiku uleule, na 29 Septemba 1950 ikageuka chama cha siasa cha PUP (People's United Party). Waanzilishi John Smith, Leigh Richardson, Philip Goldson na George Price. 1951 baraza la mji wa Belize likagoma kutundika picha ya Mfalme ukutani, gavana akalivunja baraza lote kwa ajili ya picha! Richardson na Goldson wakafungwa kwa uchochezi mwaka huohuo. 1954 ikaja haki ya kila mtu mzima kupiga kura, PUP wakachukua viti 8 kati ya 9.

Price ndiyo akaja kuwa sura ya uhuru. Mtu wa ajabu kidogo, alisomea upadri akaacha, hakuoa, aliishi maisha ya kawaida tu. 1958 walimshtaki kwa uchochezi eti alisema hadharani kwamba Malkia akiwa New York alirushiwa karatasi za chooni, mahakama ikamwachia. 1964 wakapata serikali ya ndani, yeye akawa waziri mkuu wa koloni, 1973 jina likabadilishwa rasmi kuwa Belize.

---

Chuma_cha_Pua

Nahodha sikupingi ila mnampa sana Price sifa. Kabla yake kulikuwa na Antonio Soberanis. Kimbunga cha 10 Septemba 1931 (siku ileile ya sikukuu yao, watu wako barabarani wanaandamana na bendi) kiliua watu wanaokadiriwa 2,500 na mji ukafutika, juu yake mdororo wa uchumi wa dunia, mahogani hainunuliki. Serikali ikawapa wasio na kazi ujira wa kuponda kokoto, senti kadhaa kwa siku. 1934 Soberanis, kinyozi, akasimama uwanjani akaanzisha chama cha vibarua na wasio na ajira, akapita wilaya zote mpaka kusini Stann Creek kwa wapakia matunda, wakagoma wakapandishiwa ujira. Akafungwa. Wakati huo vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kisheria, mpaka miaka ya 40 ndiyo vikaruhusiwa. Hao akina Price walikuta barabara imeshafyekwa, na umati walioupata 1950 ulikuwa wa chama cha wafanyakazi, General Workers' Union, siyo wa kwao.

---

Binti_Salha

Naunga mkono. Na tusiwasahau Wagarifuna, maana ukisema Belize ya Kiingereza unawafuta. Wale ni uzao wa Waafrika na wenyeji wa visiwa vya Karibi, kwao ilikuwa St. Vincent, walipigana na Waingereza wakashindwa, 1797 wakabebwa kwa meli wakatupwa kisiwa cha Roatán, Honduras. Kutoka hapo wakasambaa pwani, kundi kubwa likafika kusini mwa Belize 19 Novemba 1832. Mpaka leo kila mwaka tarehe hiyo wanaigiza kuwasili, ngalawa zinaingia alfajiri zimebeba mihogo na migomba na ngoma. Aliyepigania iwe sikukuu ni Thomas Vincent Ramos, alianza 1941, ikawa ya nchi nzima 1977.

Na kaskazini Corozal na Orange Walk kumejaa wazao wa waliokimbia vita vya Yucatán vilivyoanza 1847, Wamaya na machotara wanaoongea Kihispania, hao ndio walioleta kilimo cha miwa. Kwa hiyo @Mdadisi_Mpole Kiingereza ni cha ofisini na shuleni, mtaani watu wanaongea Krioli, lugha ya mchanganyiko iliyotokana na Kiingereza, na Kihispania ni kikubwa sana.

---

Mzee_wa_Ramani

Nimalizie ya 1981 maana Nahodha kaishia 1973. Price aliona kuongea na Guatemala peke yake kwenye meza hakufiki popote, akaamua kuipeleka kesi duniani. 1975 Umoja wa Mataifa ukapiga kura ya kwanza, Waingereza, nchi za Karibi na Afrika upande wa Belize, nchi nyingi za Amerika ya Kilatini zikawa na Guatemala au zikakaa kimya. Aliyevunja ukuta ni Omar Torrijos wa Panama, 1976 akaanza kuiunga mkono Belize waziwazi. Nicaragua ikafuata baada ya wanamapinduzi wa Kisandinista kuingia madarakani 1979. Novemba 1980 kura ikawa 139 kwa 0, saba hawakuegemea upande, Guatemala yenyewe haikupiga.

Machi 1981 wakajaribu mara ya mwisho kupatana, wakasaini hati ya mambo ya msingi London iliyokuwa inaongelea Guatemala kupewa matumizi ya baadhi ya visiwa vya kusini. Mitaani Belize kukalipuka, watumishi wa serikali wakagoma, vurugu, ikatangazwa hali ya hatari. Philip Goldson yule aliyefungwa pamoja na Richardson kipindi kile sasa yuko upinzani na alikuwa mkali kuliko wote dhidi ya hiyo hati. Mazungumzo yakafa. Wakaamua uhuru hivyohivyo bila suluhu, 21 Septemba 1981, wanajeshi wa Kiingereza wakabaki kulinda. Guatemala ikaja kuitambua Belize kama nchi 1991, ila ardhi inaidai.

Kwa hiyo ni nchi iliyochelewa kwa sababu ilikataa kuondoka na kipande.

---

Mdadisi_Mpole

Nimekupata mzee. Sasa hilo dai liliisha au bado?

---

Nahodha_Mstaafu

Bado. Walikubaliana wananchi wa pande zote waulizwe kama kesi iende Mahakama ya Kimataifa The Hague. Guatemala walipiga kura Aprili 2018 wakasema ndiyo kwa wingi mkubwa ingawa waliojitokeza walikuwa wachache, Belize wakapiga 8 Mei 2019, huko ilikuwa ngumu, ndiyo ilipata kama asilimia 55 tu kwa sababu wengi walikuwa wanasema kitu changu kwanini nikakipigie bahati nasibu mahakamani. Kesi ikaenda. Na 2022 Belize yenyewe ikafungua kesi nyingine palepale dhidi ya Honduras kuhusu visiwa vya Sapodilla, visiwa vidogo vya kusini kabisa ambavyo Guatemala nayo inavidai, hivyo kuna mawakili wanalipwa vizuri sana kwa ajili ya mchanga na minazi.